Nimekuota: Rafiki Anapokuagulia Ndoto

Ujumbe wa kwanza wa asubuhi ulikuwa na neno moja: "Nimekuota." Usingizi wote ukanitoka. Nikajibu, "Kheri?" Rafiki yangu, anayejua vizuri anachofanya, akakaa kimya kama dakika tano kabla ya kuandika tena. Alikuwa ameniona nimesimama kwenye maji yanayofika magotini, nimevaa koti la kijani ambalo si langu, na kila akiniita nageuza uso upande mwingine. "Hebu niambie," akamalizia, "hiyo maana yake nini?"

Ndoto ilikuwa yake, si yangu. Usiku huo mimi nilikuwa nimelala usingizi wa pono, sina habari na maji wala koti. Hata hivyo nilishinda nikiiwaza kuliko yeye aliyeiota, na wazo langu la kwanza lilikuwa la kujitetea: ana lawama gani nami? Hivyo ndivyo marafiki wengi tunavyoaguliana ndoto. Mmoja anatoa picha, mwingine anairudisha ikiwa na maana, na hapo katikati kuna mambo manne yaliyofungwa furushi moja: kilichopita kwenye ubongo usiku, kilichonusurika kwenye kumbukumbu baada ya kuamka, hadithi iliyosimuliwa, na maana aliyoiongeza msikilizaji. Mabishano mengi kuhusu ndoto huzuka kwa sababu watu wanabishania la nne wakidhani wanabishania la kwanza.

Kiswahili chenyewe nacho kina mchezo wake. Kitenzi ni kimoja tu: mche huota, mzee huota jua, mtoto huota meno, na aliyelala huota ndoto. Rafiki huyo huyo aliwahi kuniandikia "Nimeota meno", nikampongeza kwa kuchipua jino ukubwani. Kumbe alikuwa ameota meno yake yakidondoka mkononi moja moja, kama shanga za uzi uliokatika, na hofu yake ilikuwa ya kweli, maana alikwishasikia kwamba ndoto ya meno ni msiba. Ndoto hiyo nitairudia huko mbele. Ina historia ndefu, na mwisho wake unachekesha kidogo.

Usiku, kabla ya hadithi

Kwa muda mrefu usingizi ulidhaniwa kuwa hali moja tu, kama taa iliyozimwa. Dhana hiyo ilianza kuvunjika mwaka 1953, pale Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walipochapisha taarifa fupi kwamba macho ya mtu aliyelala, kwa vipindi fulani, hukimbia huku na huko chini ya kope. Walioamshwa katika vipindi hivyo mara nyingi walikuwa na ndoto ya kusimulia. Walioamshwa nje yake, mara chache. Hatua hiyo ikaitwa REM, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya mwendo wa kasi wa macho.

Usiku wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, minne hadi sita. Huanza na lepe, ile hali ya mang'amung'amu ambapo ukishtuliwa unaapa kwamba hukuwa umelala. Unashuka kwenye usingizi mwepesi, kisha kwenye ule mzito ambao ukiamshwa unaamka na mawenge, halafu unapanda tena mpaka REM. Mizunguko hiyo haifanani. Mwanzoni mwa usiku hutawala usingizi mzito na REM huwa ya dakika chache. Kuelekea alfajiri mambo hugeuka, REM ikarefuka. Kwa jumla REM huchukua asilimia 20 hadi 25 ya usingizi wa mtu mzima, na karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga. Ndiyo maana ndoto tunazozikumbuka nyingi ni za alfajiri, na anayejinyima saa za mwisho za usingizi wake anajinyima sehemu kubwa ya ndoto zake kwa mpigo.

Baadaye ilionekana kwamba ndoto hazifungiki ndani ya REM peke yake. Mwaka 1962 David Foulkes alionyesha kuwa hata walioamshwa katika hatua nyingine hueleza kitu, ingawa mara nyingi ni kifupi zaidi na kinafanana na mawazo ya mchana kuliko sinema. Naye Mark Solms, akichunguza wagonjwa walioumia ubongo, alikuta watu walioacha kuota baada ya kuumia sehemu zilizo mbali na shina la ubongo, ambako REM huendeshwa. Kwa hiyo macho yanayokimbia na ndoto ni majirani wa karibu, lakini si kitu kimoja.

Vituko vya ndoto vinatoka wapi? Katika REM, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia, hasa amigdala, huchangamka sana. Sehemu za nyuma ya kipaji cha uso, zinazopanga hoja na kushtuka pale jambo lisipoingia akilini, hupunguza kazi. Kemikali ya noradrenalini, inayotuweka macho na makini mchana, hushuka hadi karibu kutoweka. Ni kama kikao ambacho wenye hasira, hofu na mapenzi wamehudhuria wote, ila katibu hayupo. Marehemu anaingia na kuketi, nyumba ya utotoni inageuka kuwa ofisi, na hakuna anayeinua mkono kuuliza.

Wakati huo huo mwili umefungwa. Michel Jouvet, mtafiti wa Lyon nchini Ufaransa, aliuita usingizi huu "wa kinyume" mwaka 1959, kwa kuwa ubongo unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho huku misuli imelegea kabisa. Kufungwa huko ni kinga, kwani bila hiyo tungerusha ngumi tunazoziota. Lakini mara nyingine mtu huzinduka kabla ya kufuli kufunguka. Macho yanaona chumba, mwili hausogei, kifua kinahisi kizito, na ubongo ambao bado nusu uko ndotoni unaweka kiumbe pembeni ya kitanda. Hilo ndilo jinamizi. Watu wa nchi zisizojuana wamelieleza kwa sura zinazokaribiana, kwa sababu kufuli ni lile lile. Huisha lenyewe baada ya sekunde chache au dakika chache, na huwapata zaidi wenye usingizi mchache au uliovurugika. Rafiki anayekuambia "kuna kitu kilinikaba" hadanganyi. Alichokihisi kilikuwepo mwilini mwake.

Mwili una njia nyingine pia ya kuingiza mkono. Mwaka 1958 William Dement na Edward Wolpert waliwanyunyizia maji watu waliolala katika REM, kisha wakawaamsha. Mara kadhaa maji yalikuwa yamekwishaingia kwenye ndoto: paa linavuja, mvua imewanyeshea ghafla. Kwa hiyo nilipoambiwa nilisimama kwenye maji, swali la kwanza lenye akili lisingekuwa maji yana maana gani, bali kama usiku ule mvua ilinyesha, au kama mwenye ndoto alilala na kibofu kimejaa.

Shahidi pekee alikuwa amelala

Ndoto haiwezi kuletwa mezani. Kinacholetwa ni masimulizi, tena ya shahidi aliyekuwa amelala. Katika dakika chache baada ya kuamka, sehemu kubwa ya alichokiona huyeyuka, hasa akisogeza mwili au akishika simu. Kinachobaki ni vipande: sura, rangi, hofu. Mdomo unapofunguka, vipande hivyo huunganishwa kwa "halafu", "ndipo" na "kwa sababu", maneno ambayo pengine hayakuwemo kabisa ndotoni. Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, ambaye kitabu chake kikuu kuhusu tafsiri ya ndoto kilitoka Novemba 1899 kikiwa na tarehe ya 1900, alikuwa na jina la kazi hiyo ya kushona viraka. Aliihesabu kuwa sehemu ya utengenezaji wa ndoto yenyewe. Mengi ya Freud nayatilia shaka, lakini hilo naliona kila mtu anaponisimulia ndoto mara mbili. Ya pili huwa imenyooka zaidi.

Tusizidishe lakini. Kuna dhana kwamba ndoto yote, hata iwe ndefu vipi, hupita kwa sekunde moja wakati wa kuamka. Dement na Kleitman waliipima mwaka 1957 kwa kuwaamsha watu baada ya dakika tano au 15 za REM na kuwauliza walikuwa wameota kwa muda gani. Wengi walikadiria sawasawa. Kumbukumbu ya ndoto inapoteza mengi, ila si uzushi mtupu.

Udhaifu huo huo wa shahidi unaonekana tunapozungumzia usingizi wenyewe. "Jana sikupata hata lepe," mtu anakwambia, na anaamini asemacho. Akipimwa na mitambo, mara nyingi wanaolalamika hivyo hukutwa wamelala saa kadhaa. Kilichowakaa kichwani ni vipindi vya kuwa macho, kwa kuwa usingizi hauachi kumbukumbu. Hata historia ya usingizi ina ubishi wa aina hii. Roger Ekirch, mwanahistoria wa Marekani, amekusanya maandishi mengi ya Ulaya ya zamani yanayotaja "usingizi wa kwanza" na "usingizi wa pili", na baina yake muda wa kuwa macho, ambao watu waliutumia kusali, kuongea na kutafakari ndoto walizotoka kuziota. Lakini mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya vipimo kwa Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, wote wakiishi bila umeme, na hawakukutwa na pengo la kawaida la namna hiyo katikati ya usiku. Nadhani wote wawili wako sahihi kwa mahali pao. Na ile saa ya kuamka gizani na kumgeukia mwenzio, "unajua nimeota nini?", naionea wivu.

Mdomo na mguu wa ndege

Uaguzi wa ndoto ni kazi ya kale, na mabingwa wake hawakuwa wajinga. Artemidorus, Mgiriki wa karne ya 2, aliandika vitabu vitano juu yake. Ukivifungua ukitarajia kamusi ya "nyoka maana yake adui", utashangaa. Anasisitiza kwamba mwaguzi lazima kwanza ajue mwenye ndoto ni nani, anafanya kazi gani, ana mali kiasi gani, ana afya gani, kwa maana picha moja huwa na maana tofauti kwa watu wawili. Kuhusu meno anasema mdomo ni nyumba na meno ni wakazi wake: ya juu ni wakubwa wa nyumba, ya chini ni wadogo, ya kulia wanaume, ya kushoto wanawake. Ndipo hapo jino likidondoka inasemwa atakufa mtu. Ila kwa mwenye deni, anaongeza, kudondoka kwa meno ni kulipa deni. Nilipomsomea rafiki yangu sehemu hiyo ya pili, alikumbuka ghafla kwamba anadaiwa.

Mfano anaoutaja Artemidorus na ambao Freud naye aliupenda ni wa Alexander Mkuu. Mwaka 332 kabla ya Kristo alikuwa ameuzingira mji wa Tiro kwa miezi bila mafanikio. Akaota satiro, kiumbe wa hadithi za Kigiriki mwenye sura nusu mtu nusu mnyama. Mwaguzi wake Aristander akalipasua neno *satyros* vipande viwili: *sa Tyros*, Tiro ni yako. Alexander akakaza vita, na mji ukaanguka. Ni tafsiri tamu sana. Lakini itazame vizuri. Inawezekana kwa Kigiriki tu, kama vile "nimeota meno" inavyowezekana kwa Kiswahili tu, na imetolewa na mtumishi kwa bwana mwenye jeshi aliyekuwa na hamu ya kuusikia ushindi. Aristander aliisoma ndoto, au alimsoma Alexander?

Wanazuoni wa Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, waliliona tatizo hili na hawakulifunika. Rabi Hisda anasema ndoto isiyofasiriwa ni kama barua isiyosomwa. Kurasa zile zile zinasema ndoto zote hufuata mdomo, yaani mdomo wa anayeifasiri. Rabi mmoja anasimulia kuwa Yerusalemu ilikuwa na waaguzi 24. Aliwapelekea wote ndoto moja, wakampa tafsiri 24 tofauti, na zote zikatimia. Halafu anakuja Bar Hedya, mwaguzi wa kulipwa. Abaye na Rava wanamwendea na ndoto zile zile. Abaye anatoa pesa, anatabiriwa mema. Rava hatoi, anatabiriwa mabaya, na mabaya yanamfika. Sijui masimulizi mengine ya kale yanayoicheka biashara hii kwa ujasiri huo, tena yakiwa ndani ya kitabu kinachoiheshimu ndoto.

Katika hadithi za Mtume Muhammad kuna taswira iliyo jirani na hiyo: ndoto iko mguuni mwa ndege maadamu haijafasiriwa, ikishafasiriwa huanguka. Na mwenye ndoto anausiwa asiisimulie ila kwa anayempenda au mwenye busara. Katika Talmudi, anayesumbuliwa na ndoto anaelekezwa kuwaita watu watatu, awaambie ameona ndoto njema, nao waitikie kwamba ni njema na iwe njema.

Huhitaji kuamini kwamba ndoto inatabiri ili uone hekima ya tahadhari hizo. Mtu akiambiwa asubuhi kwamba ameota msiba, siku yake yote inapinda. Anapiga simu nyumbani kwa sauti ya hofu, anakosea kazini, analala vibaya usiku unaofuata na kuota vibaya zaidi. Tafsiri imezaa matokeo bila muujiza wowote.

Ndani ya meli

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kuhusu marafiki na ndoto ni cha mwaka 1909. Sigmund Freud, mwenye umri wa miaka 53, na Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi mwenye miaka 34, walipanda meli iitwayo George Washington kutoka Bremen kwenda Marekani, walikoalikwa kutoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Clark. Sándor Ferenczi, mwenzao wa Hungaria, alikuwa pamoja nao. Safari ya baharini ni ndefu, nao walikuwa watu ambao ndoto ndiyo kazi yao, kwa hiyo walikuwa wakiamka na kuaguliana.

Jung alisimulia uzeeni yaliyotokea. Freud aliota ndoto, Jung akaanza kuifasiri, na ili aendelee akaomba maelezo zaidi ya maisha ya faragha ya mwenzake. Freud akamtazama kwa mashaka, akakataa: hawezi kuhatarisha mamlaka yake. Kwa maneno ya Jung, mamlaka hayo yalipotea dakika ile ile.

Kisha ikaja zamu ya Jung. Aliota yuko katika nyumba ya ghorofa mbili, aijuayo kuwa ni yake. Juu kuna sebule nzuri. Chini vyumba vya zamani zaidi. Chini ya hivyo ghala la enzi za Warumi. Na chini kabisa pango lenye vumbi, vigae na mafuvu mawili ya watu. Freud aliyang'ang'ania mafuvu. Ya nani? Alikuwa anatafuta tamaa ya siri ya kumwona mtu amekufa. Jung hakuona tamaa hiyo ndani yake, lakini alijua mwalimu wake anasubiri nini. Akadanganya, akasema ni ya mkewe na shemeji yake. Freud akaonekana kupata nafuu. Jung mwenyewe aliiona nyumba ile kuwa ni picha ya nafsi yenye tabaka za kale kuliko maisha ya mtu mmoja, na wazo hilo ndilo lililokuja kumpa jina. Kufikia 1913 urafiki wao ulikuwa umekufa.

Mmoja alificha, mwingine akadanganya. Na hawa ndio waliokuwa wanajua zaidi kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai. Freud alikuta nadharia ya Freud ndani ya mafuvu, Jung akakuta nadharia ya Jung ndani ya ghorofa. Kilichowashinda hakikuwa ugumu wa ndoto. Kila mmoja alihitaji mwenzake awe na maana fulani, na ndoto ikawa mahali pa kuitafutia. Tafsiri ya rafiki huja na madai ya rafiki, na ukimwambia mtu "ndoto yako inaonyesha unanionea wivu", hana pa kujitetea, kwa sababu ushahidi ni kitu ambacho hata yeye hakukichagua.

Kinachoweza kusomwa

Je, basi ndoto haina maana? Sisemi hivyo. Calvin Hall, mwanasaikolojia wa Marekani, alikusanya maelfu kwa maelfu ya masimulizi ya ndoto, na mwaka 1966 yeye na Robert Van de Castle walitoa utaratibu wa kuyahesabu: nani yumo, nini kinatokea, hisia gani. Picha iliyojitokeza ni ya kawaida kuliko tunavyodhani. Tunaota watu tunaowajua, shughuli zetu, magomvi yetu. Mabaya yanayompata mwenye ndoto ni mengi kuliko mema, na hisia mbaya hutajwa zaidi ya nzuri. Anayewaza sana jambo fulani mchana hulikuta usiku. Kwa hiyo ndoto inaweza kukuonyesha ni nini kimekukalia rohoni. Haikupi siri ya kesho.

Zipo zinazotimia, bila shaka. Kila usiku mabilioni ya watu huota mara kadhaa. Zingekuwa hazigongani na tukio lolote, hapo ndipo pangekuwa na ajabu. Aliyeota ajali na ajali ikatokea ataisimulia miaka 30. Walioota ajali na wakafika salama wamekwishasahau.

Muda nao una siri yake. Mabaki ya siku huonekana ndotoni usiku ule ule au unaofuata, kisha hupungua. Lakini Tore Nielsen na watafiti wengine wamekuta kwamba matukio huweza kurudi tena baada ya siku tano hadi saba. Rafiki anayeuliza "jana kulikuwa na nini?" ameuliza nusu ya swali.

Na sisi wasikilizaji tunachagua. Mwaka 2009 Carey Morewedge na Michael Norton walichapisha tafiti walizofanya kwa watu wa Marekani, Korea Kusini na India. Wengi waliamini kwamba ndoto hufichua ukweli uliojificha. Walipoulizwa kuhusu kuota ndege imeanguka kabla ya safari, waliona ingewaathiri kuliko kuiwaza ajali hiyo wakiwa macho. Lakini imani hiyo ilikuwa na upendeleo: ndoto njema kuhusu mtu wanayempenda waliiona ina maana zaidi, na ndoto mbaya kuhusu mtu wasiyempenda vilevile. Kwa lugha ya mtaani, ndoto huwa na maana pale inapokubaliana nasi.

Sasa meno. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, waliwauliza watu kuhusu ndoto za meno, mfadhaiko wa nafsi, na hali ya meno yao wanapoamka. Ndoto za meno hazikuhusiana na mfadhaiko. Zilihusiana na meno, fizi au taya zilizokaza asubuhi. Rafiki yangu alikwenda kwa daktari wa meno, akaambiwa anasaga meno usiku, akapewa kifaa cha kuvaa akilala. Miaka karibu elfu mbili ya misiba, na pengine muda wote ilikuwa taya.

Kama ingekuwa ndoto yangu

Alikuwepo daktari wa magonjwa ya akili wa New York, Montague Ullman, aliyeanza miaka ya 1970 kuwafundisha watu wa kawaida namna ya kukaa kikundi na kuzungumzia ndoto bila mtaalamu wa kuwaamulia. Mwenye ndoto anaisimulia. Wenzake wanauliza tu ili waielewe. Kisha kila mmoja anaichukua kana kwamba yeye ndiye aliyeiota na kusema ingemgusa vipi: kama ingekuwa ndoto yangu, ningehisi hivi. Mwenye ndoto anasikiliza, anachukua kinachomfaa, anaacha mengine, anaweza kusimamisha mazungumzo wakati wowote, na neno la mwisho ni lake. Kibadilikacho ni kitu kidogo tu kwenye sarufi, kutoka "wewe una" kwenda "mimi ningekuwa na", lakini Freud na Jung wangekuwa nacho melini, pengine wangeshuka wakiwa bado marafiki.

Katika Chuo Kikuu cha Swansea, Mark Blagrove na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti ambapo watu waliofahamiana walijadiliana ndoto kwa utaratibu unaokaribiana na huo. Baada ya mazungumzo, aliyesikiliza alikuwa na uelewa wa moyo zaidi kwa aliyeota. Hilo halitegemei kama tafsiri ilikuwa sahihi.

Ndoto za kutisha zinazojirudia ni jambo jingine. Kwa hizo kuna tiba iliyopimwa: ukiwa macho, mchana, unaiandika ndoto, unaibadilisha upendavyo, kisha unairudiarudia mpya akilini kwa dakika chache kila siku. Barry Krakow na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba iliwasaidia wanawake waliobaki na majeraha ya kubakwa. Rafiki anaweza kukaa nawe ukiandika. Yaliyo mazito hivyo yanahitaji mtaalamu. Inafaa pia kuuliza dawa gani mtu anameza, maana baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za sonona huvuruga ndoto, na pombe huikandamiza REM mwanzoni mwa usiku, kisha REM hurudi kwa nguvu. Na mwenye kurusha mateke na ngumi akiota, hasa mtu mzima wa makamo au zaidi, asiaguliwe na mtu. Aende hospitali. Kufuli nililolitaja linaweza kulegea, na mara nyingine hutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka.

Rafiki yangu na koti lake la kijani hakuwa na lolote kati ya hayo. Jioni nilimpigia. Sikumwambia maana; nilimuuliza kama mvua ilinyesha, akasema hapana. Nikamuuliza koti lilikuwa la nani. Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema ni la dada waliyekuwa wakikaa naye nyumba moja. Alihama Jumapili iliyopita, siku sita kabla ya ndoto, akaondoka bila hata kuaga. Koti lilikuwa halijatoka akilini mwake kwa sababu ndilo la mwisho aliloliona likipita mlangoni.

"Sasa mbona nikuone wewe ndani yake?" akaniuliza.

Nikasema sijui. Tulipomaliza kuongea nikaufungua uzi wa mazungumzo yetu na kupandisha juu mpaka siku hiyo. Ujumbe wake wa Jumapili ulikuwa pale, "Upo?", umesomwa, haujajibiwa.